Mjomba hutupa maziwa baada ya kila kontena

Ami, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Likoni, Mombasa, na mke wangu na mtoto wetu wa miaka mitatu. Kila alfajiri navuka feri kwenda Shimanzi, ambako ni kibarua katika godauni la nafaka. Kazi yetu ni kupakua makontena ya mchele, mara nyingine pojo na kunde, gunia baada ya gunia mpaka sakafu ionekane. Nalipwa kwa siku. Aliyenitia kazini ni mjomba wangu, tumbo moja na mama, naye ndiye nyapara wetu.

Tatizo ni hili. Baadhi ya makontena yakifunguliwa hutoka harufu kama ya thomu iliyovunda. Si yote. Siku za makontena hayo, ikifika saa sita kichwa kinanigonga, kifua kinabana na chakula hakipiti. Jioni nikivuka feri, upepo ukinipiga, napata nafuu, na asubuhi niko mzima. Wenzangu wawili ni vivyo hivyo. Ndani, katikati ya magunia, tunakuta vijifuko vya kitambaa vyenye unga wa kijivu. Tunavitoa kwa mkono na kuvitupa pipani. Mlangoni huwa na karatasi yenye picha ya fuvu, imeandikwa Kiingereza, lakini mara nyingi huwa imeshachanika.

Mjomba husema hiyo ni dawa ya wadudu tu, imekwisha nguvu baharini. Tukimaliza, kila mmoja hupewa pakiti ya maziwa ya nusu lita asafishe kifua. Na kweli, ukinywa unahisi afadhali. Barakoa pia tunapewa, zile za karatasi.

Hata godauni lenyewe likiingia wadudu, huja watu wa kampuni, wakafunika magunia kwa turubai na kuweka vidonge, na sisi hatuingii siku kadhaa. Anayebaki ni bawabu, mzee wa watu, hulala chumba cha nyuma kwa sababu hana pengine.

Ami, naogopa kusema. Mjomba amenilea tangu baba alipofariki. Nikisema nitaonekana sina adabu, na nje ya geti kila asubuhi kuna vijana wanaongoja nafasi yangu. Je, maziwa yanatosha? Na kuna njia ya kulisema hili bila kuvunja udugu?

Jambo jengine, dogo. Nyumbani tumesumbuliwa na kunguni. Mjomba alinipa vidonge vitano vya ile dawa ya godauni, nimevitia ndani ya mkebe wa kahawa juu ya kabati. Chumba cha kumi kwa kumi huwekwa vingapi?

Kibarua wa Shimanzi

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nitaanzia mwisho, pale ulipoandika neno "dogo".

Usiweke hata kimoja. Wala usiufungue huo mkebe kuangalia vikoje. Mtoe mtoto na mama yake chumbani sasa hivi, acha mlango na dirisha wazi, kisha uchukue mkebe kama ulivyo, umefungwa, ukauweke nje mahali pakavu penye kivuli na upepo, pasipofikiwa na mvua wala mkono wa mtoto, mbali na moto na madirisha ya watu. Usivitupe chooni. Usivichome, usivifukie, na usivimwagie maji kwa hali yoyote ile. Wala usipande navyo feri kuvirudisha kazini. Mnavyobanana mle, mkebe ukidondoka na kufunguka hakuna pa kukimbilia. Vidonge hivyo vina wenyewe, nao ni ile kampuni ya kupiga dawa. Mjomba wako ana nambari zao, wavifuate huko huko Likoni. Wakizungusha maneno, piga simu zimamoto wa kaunti, na neno la kwanza kuwaambia liwe "alumini fosfaidi", ndilo jina la sumu iliyomo kwenye vidonge hivyo, ili wasije wakatumia maji.

Nakwambia kwa ukali kwa sababu vidonge hivi nimevishika kwa mikono yangu. Kabla ya kuandika safu hii nilipiga dawa maghalani kwa miaka mingi, na ninajua kilichomo. Kidonge kikikutana na unyevu hutoa gesi iitwayo fosfini. Si lazima kiloweshwe. Hewa yetu ya pwani inatosha, na joto letu huharakisha mambo. Kidonge cha kawaida kina uzito wa gramu 3 na hutoa gramu 1 ya gesi. Nimekupigia hesabu ya chumba chako. Futi kumi kwa kumi, chenye kimo cha kawaida, kina hewa kama mita 23 za ujazo. Gramu 1 ya fosfini humo huwa karibu sehemu 30 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Mpaka uliotumika kwa miaka mingi kwa mtu mzima anayefanya kazi saa nane ni sehemu 0.3, na wako wanaotaka ushushwe zaidi. Kwa hiyo kidonge kimoja kimeshauzidi mara mia. Viwili vinapita 50, kiwango kinachohesabiwa kuwa hatari kwa uhai papo hapo. Wewe unavyo vitano, na mtoto wa miaka mitatu anavuta pumzi haraka kuliko wewe.

Najua wako watakaosema, tunaweka vidonge tunakwenda kulala kwa shemeji, tunarudi kesho. Na majirani je? Nyumba zetu za Kiswahili unazijua: vyumba sita, ukumbi katikati, na kuta nyingi hazifiki kwenye mabati. Moshi wa mandazi ya chumba cha mbele unaufikia wa nyuma, sembuse gesi. Mwezi wa Januari 2017, mjini Amarillo katika jimbo la Texas, Marekani, baba mmoja aliweka vidonge vya aina hii chini ya nyumba yake kwa sababu ya wadudu. Harufu ilipowasumbua akajaribu kuvisafisha kwa maji. Watoto wake wanne walikufa. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemwambia maji yangefanya nini.

Kunguni hufa kwa joto. Mashuka na nguo zitieni kwenye maji ya moto sana, mianya ya chaga na mbao mwagieni maji yaliyochemka, godoro mlitafutie mpuliziaji mwenye leseni. Ni kazi ya kurudia, inachosha, lakini baada yake mtalala na kuamka.

Sasa twende godauni.

Harufu ya thomu uliyoisikia ndiyo hiyo hiyo fosfini. Wengine huiita harufu ya samaki aliyeoza. Nafaka ya kontena hupigwa dawa huko inakotoka, na wenye kupakia huacha vijifuko ndani ili vifanye kazi njiani. Meli ikifika Kilindini, kontena limekaa limefungwa kwa wiki, halina tundu la maana la kupumulia. Gesi iliyobaki imejificha kati ya magunia na ndani yake. Ndiyo maana hamwanguki mkifungua mlango, mnaumwa kadiri mnavyozama ndani. Kila gunia mnalolivuta linaachia nyingine kidogo.

Na usiifanye pua yako kuwa kipimo. Harufu ile hasa hutokana na vitu vingine vilivyochanganyika na gesi, navyo huweza kunywewa na mzigo, harufu ikapotea na gesi ikabaki. Halafu kuna dawa nyingine ya kufukiza, methili bromaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Hiyo dunia imekuwa ikiiondoa kwa Mkataba wa Montreal kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni, lakini bado inaruhusiwa kwa karantini na kwa mizigo inayotaka kusafirishwa. Kwa hiyo kontena "lisilonuka" si kontena salama.

Maziwa. Mwanangu, mjomba wako anayatoa kwa moyo mzuri, na hayuko peke yake. Kwa wachomeleaji, kwa wapaka rangi, viwandani, kila mahali nimekuta pakiti ya maziwa ikifanya kazi ya dawa. Lakini gesi inaingia mapafuni, inapita kwenye damu. Maziwa yanakwenda tumboni. Hayakutani. Unahisi afadhali, nakuamini, ila kilichokupa afadhali ni zile dakika kumi ulizokaa nje kwenye upepo ukiyanywa. Ubaya wa maziwa ni kwamba mkishayanywa mnajiona mmetibiwa, na hakuna anayekwenda hospitali.

Barakoa ya karatasi nayo huzuia vumbi. Gesi hupita kama maji kwenye chekecheo. Kifaa cha kuingia kwenye fosfini ni kinyago cha uso mzima chenye kichujio chake maalumu, na pale ambapo kiwango hakijulikani ni mtungi wa hewa mgongoni. Hivyo ni vyombo vya watu wa kampuni ya kufukiza, wamefunzwa kuvitumia. Kibarua havimhusu kwa sababu hafai kuwemo ndani wakati vinapohitajika.

Lugha yetu nayo inatuponza hapa. Ya homa tunaiita dawa, ya panya dawa, ya choo dawa, ya kunguni dawa. Mtu akiambiwa "imepigwa dawa" anasikia kitu cha kuponya. Ungeambiwa "imetiwa sumu" ungesimama mlangoni ukauliza sumu gani, ya lini. Hebu uliza hivyo hivyo.

Majibu yako kwenye ile karatasi ya fuvu, na ninataka uijue kama unavyoijua noti ya mia. Juu pana neno DANGER. Chini yake panaandikwa jina la dawa iliyotumika, kisha tarehe na saa iliyotiwa. Chini zaidi kuna mstari unaoanza VENTILATED ON, maana yake tarehe ambayo kontena lilifunguliwa likapitishwa hewa. Ukiona mstari huo mtupu, hakuna aliyelipitisha hewa, na wa kwanza kuipokea hewa hiyo ni wewe. Kwenye hati za mzigo huenda ikaonekana nambari UN 3359. Hiyo pia maana yake ni mzigo uliofukizwa. Karatasi ikichanika, nambari iko ofisini kwa karani. Mwombe aiangalie kabla lakiri ya kontena haijakatwa.

Baada ya hapo mpango wenyewe si mgumu. Mlango unafunguliwa na wachache, wakisimama upande upepo unakotoka, kisha wote wanakaa mbali. Feni kubwa inasaidia sana, kwa sababu kontena lina mlango mmoja na hewa ya nyuma haitoki yenyewe. Muda wa kungoja hauamuliwi na saa, unaamuliwa na kipimo cha gesi: mtu wa kampuni anapima mlangoni, anapima ndani, anatoa cheti kwamba panaingilika. Mkifika katikati ya magunia apime tena. Mkipakua na mtu akaanza kuumwa kichwa, wote nje. Na Mungu apishe mbali, mwenzenu akianguka ndani, msimkimbilie bila vifaa hata kama ni ndugu yako. Watu wengi hufa hivi, wa pili juu ya wa kwanza.

Vijifuko msivishike kwa mkono mtupu, na msivirundike pipani. Ule unga wa kijivu ni majivu ya dawa, lakini ndani yake huweza kuwa na chembe ambazo bado hazijafanya kazi, na jasho la kiganja linatosha kuziamsha. Nilipokuwa kijana tuliambiwa tufagie unga kama huo. Mwenzetu mmoja aliusukumia wote ndooni akaumwagia maji ya deki ili vumbi lisitimke. Ulifoka, ukatoa moshi mweupe, ndoo ikawaka moto mbele yetu. Tuliokuwa karibu tulikohoa siku mbili. Waliouweka ndio wauchukue.

Kuhusu afya yako: kuumwa siku za makontena na kupona siku nyingine ni ushahidi, uandike. Chukua daftari, andika tarehe, nambari ya kontena, ulichokisikia na saa ulipoanza kuumwa, na majina ya wenzako walioumwa. Utakumbuka Owino Uhuru, hapa hapa Jomvu, watu walivyoathiriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa kiwandani hapo, mtoto wake alipopimwa damu ilionekana risasi, na vipimo vya namna hiyo vilisimama mahakamani mpaka Mahakama ya Juu, Desemba 2024, ikarudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3 waliyopewa wakazi mwaka 2020. Risasi hukaa mwilini ikangoja kupimwa. Fosfini haingoji. Hakuna kipimo cha kawaida cha damu kitakachoionyesha wiki ijayo, kwa hiyo daftari lako ndilo litakalokusemea.

Kifua kikibana zaidi, ukikohoa bila kukoma, moyo ukienda mbio, nenda hospitali siku ile ile na umwambie daktari neno "fosfini". Usiseme tu "vumbi la mchele". Mapafu huweza kujaa maji hata siku moja au mbili baadaye, wakati umeshajiona mzima. Dawa ya kuiondoa gesi hii mwilini haipo. Hospitali itakupa oksijeni na kukuangalia, na kuwahi ndiko kunakookoa.

Sheria iko upande wako, hata kama ni kibarua wa siku. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga na maelezo ya kemikali wanazokutana nazo. Mfanyakazi akitoa taarifa ya hatari kubwa, hatakiwi kurudishwa pale kabla hatari haijaondolewa, na hafukuzwi kwa kosa la kulalamikia usalama wake. Kuna Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka huo huo, nayo inagusa maradhi yatokanayo na kazi. Idara ya usalama na afya kazini ina ofisi Mombasa, na malalamiko hupokelewa. Lakini nimeishi na watu, najua kibarua hachukui sheria mkononi akamwendea mjomba wake nayo kama panga. Kwa hiyo tumzungumze mjomba.

Usimwambie kazini, mbele ya vijana wake. Nenda nyumbani kwake baada ya Isha, na ikiwezekana mamako ajue umekwenda, kwa sababu neno la dada kwa kaka lina uzito ambao wewe huna. Kaa, kunywa kahawa, muulize afya. Yeye ameyafungua makontena hayo kwa miaka, wewe umeanza juzi. Kifua chake kimebeba zaidi ya chako. Anzia hapo. Mwambie, "Mjomba, siku za makontena yanayonuka naumwa, na nimeona wewe pia hukohoa. Nimeuliza kwa watu wanaojua, wakaniambia ile si dawa iliyokwisha." Mwonyeshe hesabu ya chumba cha kumi kwa kumi. Mweleze kuhusu vidonge alivyokupa, kwa upole, kwa sababu alikupa ili akusaidie, na akijua kilichokuwa juu ya kichwa cha mtoto wako huenda kikamuumiza kuliko maneno yote ya sheria. Huenda na wengine amewapa. Muulize, na wafuatwe.

Kisha mwombe jambo moja tu: kwamba kuanzia kontena lijalo, mlango usiingiwe kabla ya kupimwa. Atakwambia tajiri hatakubali, kontena likichelewa kurudi linatozwa dola kwa kila siku, na lori linangoja nje. Ni kweli, nyapara anabanwa juu na chini. Mwambie hilo alimalize na tajiri kwa lugha ya tajiri: kampuni inayopiga dawa godauni ndiyo hiyo hiyo yenye vipimo, ije kupima asubuhi lori likiwa bado kwenye foleni. Mtu mmoja akifa mle, godauni litafungwa kwa muda mrefu kuliko kuchelewa kwa kontena lolote. Kama atakataa kabisa, wewe na wale wenzako wawili nendeni ofisi ya idara pamoja, na daftari mkononi. Hapo hutakuwa umevunja udugu. Utakuwa umeanza kwake.

Je, uache kazi? Sitakwambia uache leo, najua mtoto anakula. Nakwambia tu kontena lisilopimwa usiliingie, hata ukipoteza ujira wa siku ile.

Na yule bawabu. Ukuta wa chumba chake ndio ukuta wa godauni, na gesi hupenya nyufa, hupita chini ya mlango na juu ya dari, siku zote zile turubai likiwa limefunikwa. Yeye hana wa kumwandikia. Kesho ukifika, kabla hujabeba gunia la kwanza, muulize mjomba dawa itapigwa tena lini, na mtafutieni mzee mahali pa kulala siku hizo, hata kama ni kibanda cha geti upande wa pili wa uwanja, kitanda chake kikahamishiwa huko kabla ya kidonge cha kwanza kuwekwa.

Ami yako